Mdaiwa Mmoja, Benki Tano

Benki mbili zinaweza kuwa hazijawahi kukopeshana hata senti, na bado pigo la moja likaifikia nyingine. Linapitia kwa wateja. Kampuni kubwa huwa haikopi mahali pamoja: benki hii inaipa mtaji wa kuendeshea shughuli, ile inaikopesha mitambo, ya tatu inaidhamini kwa wauzaji wake. Chora mstari kutoka kila benki hadi kila kampuni iliyokopa kwake, utapata wavu wenye mafundo machache yaliyoshika nyuzi nyingi. Hatari ya kimfumo, yaani ya pigo moja kuuyumbisha mfumo mzima wa benki, hukaa kwenye mafundo hayo.

Tulifuate pigo lenyewe. Chukua benki yenye mali za 100, nyingi zikiwa mikopo, na mtaji, yaani fedha za wenye benki, wa 10. Mdaiwa wake mmoja anafilisika na 2 zinapotea. Mtaji unabaki 8, mali 98. Ili kurudisha uwiano wake wa mtaji kwa mali wa asilimia 10 bila kutafuta mtaji mpya, benki hiyo italazimika kupunguza mali hadi 80, yaani ikusanye 18 kutoka kwa wateja wengine. Hasara ni 2, mbano ni 18! Tena wanaobanwa hawana kosa: ni kampuni zinazolipa vizuri, ila mkopo wao wa muda mfupi umeiva na safari hii hauhuishwi. Zikikosa fedha za mishahara na malighafi, zinachelewesha marejesho kwenye benki nyingine, ambayo yule mdaiwa wa kwanza haikumjua kabisa.

Viwango vya Kamati ya Basel, chombo cha kimataifa cha wasimamizi wa benki, vilivyoanza 1 Januari 2019 vinaizuia benki kumkopesha mteja mmoja, au kundi la kampuni zinazohusiana, zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa daraja la kwanza, hasa hisa na faida iliyobakizwa. Kinga hiyo ni nzuri, lakini hupimwa benki moja moja. Benki tano zikimkopesha mteja yule yule asilimia 20 kila moja, zote zimetii kanuni. Hata kutawanya mikopo, ushauri tunaoutoa sisi wenyewe kila siku, kuna upande wa pili: wote wakitawanya kwa kampuni zile zile, siku mbaya ya mmoja huwa ya wote.

Machi 2021, mfuko wa Archegos wa Marekani, uliokuwa umejijengea madeni kwa benki kadhaa, ulianguka. Kila benki ilikuwa inaona kipande chake tu. Credit Suisse peke yake ilipoteza takriban dola bilioni 5.5. Haukuwa mkopo wa kawaida wa kampuni, lakini upofu ni ule ule.

Msimamizi akitaka kuona wavu mzima, huhitaji taarifa za mkopo mmoja mmoja. Benki Kuu ya Ulaya inazikusanya tangu 2018 kupitia AnaCredit, hifadhidata yake ya mikopo, kwa wadaiwa wa kuanzia euro 25,000. Juu ya taarifa za aina hiyo vinaweza kutumika vipimo kama DebtRank, kilichopendekezwa 2012, kinachokadiria ni sehemu gani ya thamani ya mfumo itapungua fundo fulani likidhoofika, hata kabla halijafilisika. Hapo kampuni ya wastani iliyokopa kwa benki zenye mtaji mwembamba inaweza kuipita kwa hatari kampuni kubwa inayodaiwa na benki imara.