Homa ya uti wa mgongo haiambukizwi kwa kupishana ngazini

Mgonjwa mmoja akigundulika kwenye jengo la ghorofa, majirani hufunga madirisha na wengine huacha kupanda basi. Hofu hiyo naielewa, maana ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa chache. Ila imeelekezwa pasipo mahali pake.

Bakteria wa meninjokoki, wanaosababisha ugonjwa huu, hawadumu kwenye vyuma vya kushikilia ndani ya basi. Nje ya mwili hufa upesi. Hupita kwa mate na makamasi, baina ya watu wanaokaa karibu kwa muda: wanaolala chumba kimoja, wanaobusiana. Na hapa ndipo wengi hushangaa: takriban mtu 1 kati ya 10 huwa nao kooni akiwa mzima kabisa. Hao ndio husambaza zaidi, kwa hiyo kumkwepa mgonjwa pekee hakuzuii mlipuko.

Jiji la São Paulo, Brazili, liliyaona hayo. Mlipuko wa bakteria hao wa aina C ulioanza mwaka 1971 ulifuatwa na wa aina A mwaka 1974, na vitongoji maskini vyenye msongamano viliumia zaidi. Mwaka 1975 mamilioni walichanjwa, wagonjwa wakapungua.

Dawa za kinga, yaani antibiotiki, huhitajiwa na wanaoishi na mgonjwa au waliogusana na mate yake, si ofisi nzima. Sisi wengine tuzijue dalili: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi. Ukiziona, usingoje kukuche. Mpeleke mtu hospitali usiku huo huo.