Kwenye uwanja wa mpira, anza kupima vinavyolala

Pampu ikiharibika kiwandani, utajua leo leo, kwa sababu inazunguka usiku na mchana. Uwanja wa mpira hauko hivyo. Jenereta yake inaweza kukaa wiki tatu bila kuwashwa, na pampu ya zimamoto mwaka mzima, halafu vyote vinatakiwa viitike kwa saa tatu mbele ya watu 60,000 na kamera za televisheni. Kitu kinakufa Jumanne, kinakuja kujulikana Jumamosi usiku.

Mimi ni mhandisi wa mitambo ya majengo, na swali ninaloulizwa sana siku hizi ni vihisi (sensa, yaani vifaa vidogo vya kupimia) vya kuunganishwa na intaneti viwekwe wapi kwanza. Wauzaji huanza na vile vinavyochora picha nzuri kwenye skrini. Mimi naanza na betri ya jenereta.

Mashabiki wa Yanga wanaikumbuka 30 Aprili 2023, robo fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Rivers United ya Nigeria. Taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa zilizimika mpira ukiwa unachezwa na mchezo ukasimama. Usiku kama ule ndio unaotufanya sisi mafundi tuulizane: kipi kati ya vitu vyetu kinaweza kufa bila kutuambia?

Betri ni mfano mzuri. Jenereta kubwa kwa kawaida huwashwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24, na chaja ndogo inazijaza muda wote. Chaja ikiwa nzima utasoma karibu volti 27. Chaja ikifa, mara nyingi hakuna kinacholia wala kinachozimika. Namba inashuka hadi 25 na kitu, kisha inaendelea kuteremka taratibu. Fundi wa zamu anapita, anaona mashine imefutwa vumbi na tanki limejaa dizeli, anasaini kitabu na kuondoka. Kihisi cha volti kinachotuma namba kila robo saa kingeligundua jambo hilo kabla huyo fundi hajamaliza chai.

Hata hivyo, volti ya betri iliyotulia haisemi yote, maana betri iliyochoka huonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo. Ninachotaka ni namba moja tu: volti inaporomoka hadi ngapi stata, ile mota ya kuwashia, inapozungusha injini. Washa jenereta kila wiki, kihisi kisome mara nyingi ndani ya sekunde hizo chache, kisha linganisha na wiki zilizopita. Ikiwa ilikuwa 20, ikawa 19, sasa ni 17, hiyo betri inaaga. Bado una muda wa kununua nyingine kwa utulivu badala ya kumtuma mtu Kariakoo mchana wa mechi.

Kwa viwanja vyenye taa za zamani za metali halaidi, jambo hili lina uzito zaidi. Jenereta ikichukua sekunde 15 tu kushika mzigo, taa zimeshazimika, na balbu ya aina hiyo ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe. Hesabu dakika kumi, pengine zaidi. Taa za LED hurudi mara moja, ila nazo hufa moja moja huko juu bila mtu kuona. Hapa funga kihisi cha mkondo wa umeme kwenye kila laini inayolisha taa za nguzo. Laini yenye taa 14 ikipungukiwa moja ya kumi na nne ya mkondo wake, unajua taa moja imekufa, na hukumpandisha mtu kwenye mnara.

Pampu ya zimamoto nayo ina siri yake. Pembeni yake kuna pampu ndogo inayoshikilia presha ya mabomba. Hesabu tu inawaka mara ngapi kwa siku. Ikianza kuwaka mara nyingi kuliko kawaida, kuna bomba linavuja mahali fulani, au valvu hairudi vizuri.

Nyasi hazilali, lakini tatizo lake hujificha chini vilevile. Machi 2025 CAF iliufungia Uwanja wa Mkapa kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, na mwezi Mei mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ukahamishiwa New Amaan, Zanzibar. Wana Simba hawahitaji kukumbushwa matokeo.

Fikiria ukubwa wa kazi. Eneo la mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inamwaga humo lita 357,000. Maji hayo yanatakiwa yapite kwenye mchanga, yafike kwenye mabomba ya chini na yatoke. Zika vihisi vya unyevu viwili viwili, kimoja sentimita 10 chini na kingine sentimita 25, kisha tazama kinachotokea baada ya mvua. Cha juu kikibaki kimelowa wakati cha chini kimekauka, udongo wa juu umeshindiliwa na unahitaji kutobolewa. Vyote viwili vikikaa vimelowa, shuku mabomba ya kutolea maji. Kwa macho, hali zote mbili ni dimbwi lilelile.

Onyo kwa wenzangu wa mwambao. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na vihisi vya bei nafuu hudanganywa nayo: vinasema udongo una maji ya kutosha wakati nyasi zina kiu. Nunua kinachopima chumvi pia, kisha kilinganishe na udongo wako mwenyewe. Chota sampuli, ipime uzito, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105, ipime tena. Na kabla ya kuzika chochote kaa na mtunza nyasi, kwa sababu mashine yake ya kutobolea inaweza kushuka sentimita 20 na zaidi. Asiposhirikishwa, vihisi vyako vitaishi mpaka siku ya kwanza ya kutoboa.

Kuhusu mawasiliano, usitegemee laini ya simu peke yake. Siku ya mechi, watu 60,000 wakirusha video kwa pamoja, mtandao unasongwa na vihisi vyako vinanyamaza saa ileile unayovihitaji. Mimi napendelea LoRaWAN: redio ya nguvu ndogo inayofika mbali, na betri ya kihisi hudumu miaka. Kituo cha kupokelea kikae juu ya paa, kiunganishwe kwa kebo, na kiwe na UPS, yaani betri ya kukishikilia umeme ukikatika. Nimeona vituo vilivyochomekwa kwenye soketi ya kawaida. Umeme ukikatika, mfumo wa kukuambia umeme umekatika nao umekatika.

Sasa sehemu ambayo haipo kwenye vipeperushi. Kihisi kinaweza kukupa wiki tatu za tahadhari wakati utaratibu wa manunuzi unachukua miezi miwili. Hapo umenunua wasiwasi tu. Kwa hiyo bajeti ya vihisi iandamane na stoo: seti ya betri za akiba, chaja moja, beringi za pampu, taa chache. Meseji ya tahadhari nayo iende kwa mtu mwenye spana na ufunguo wa stoo hiyo. Ikienda kwenye kundi la WhatsApp lenye mameneja 30, kila mmoja atadhani mwenzake ameshughulikia.

Viwanja vinavyojengwa na kukarabatiwa kwa ajili ya AFCON 2027 hapa kwetu, Kenya na Uganda vina nafasi ya kulaza mabomba ya nyaya kabla zege halijamwagwa, jambo ambalo baadaye hugharimu mara nyingi zaidi. Ningeongeza sharti moja kwenye mkataba: takwimu zote, nywila na ramani ya kila kihisi vikabidhiwe kwa mwenye uwanja siku ya makabidhiano, na fundi wa uwanja aonyeshe mbele ya mkandarasi kwamba anaweza kubadilisha kiwango cha tahadhari, yaani namba inayofanya meseji itumwe, yeye mwenyewe. Akishindwa, malipo ya mwisho yasubiri.