Supu ya makongoro: inachokupa na isichokupa

Mtu akivunjika mguu, plasta haijakauka sawasawa ndugu wameshaulizana nani atapika supu ya makongoro. Kazini naliona hili mara kwa mara: chupa ya chai inaingia wodini imejaa supu nzito yenye pilipili manga, mgonjwa anahimizwa aimalize ili mfupa uunge haraka. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Supu hii naipenda, kwangu inapikwa, na nafurahi kila ninapoona mgonjwa ameletewa. Shida ni kwamba wengi wanaitegemea kwa kitu ambacho haina, na kwa sababu wanaitegemea, wanasahau kumpa mgonjwa kile ambacho kingemsaidia kweli.

Imani yenyewe ni hii: mfupa umejaa kalsiamu, basi ukiuchemsha, kalsiamu inahamia kwenye supu. Nusu ya kwanza ni kweli. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini, hasa kalsiamu na fosforasi. Lakini madini hayo hayayeyuki kirahisi kwenye maji, hata yachemke kutwa nzima. Ndiyo maana mfupa wa ng'ombe uliokaa jikoni saa sita unatoka mgumu vilevile. Kikombe cha supu ya mifupa kwa kawaida hakifikii hata asilimia 5 ya kalsiamu anayohitaji mtu mzima kwa siku, ambayo ni kama miligramu 1,000. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300. Wala si habari mpya: mwaka 1934 watafiti wa Uingereza McCance, Sheldon na Widdowson waliipima supu ya mifupa waliyokuwa wakipewa watoto wadogo, wakakuta kalsiamu yake ni kidogo mno ikilinganishwa na ya maziwa.

Wapo wanaomimina siki au ndimu kwenye sufuria ili kuuyeyusha mfupa. Vijiko viwili vya siki katika lita nne za maji havina ukali wa kufanya kazi hiyo. Vinaongeza ladha, na kalsiamu kiduchu. Si vibaya, ila usivihesabie dawa.

Kinachotoka kwa wingi ni kitu kingine. Ukiondoa madini, sehemu kubwa ya mfupa iliyobaki ni protini inayoitwa kolajeni, na ndiyo hiyo hiyo iliyojaa kwenye kano, gegedu na ngozi. Ikikaa kwenye maji ya moto kwa saa nyingi, kolajeni inalegea, inageuka kuwa jelatini na kuyeyuka ndani ya supu. Ukinywa makongoro midomo ikanata, hiyo ni jelatini. Supu ikilala kwenye friji ikaamka imeganda na kutikisika, hiyo pia ni jelatini, na ni ishara nzuri kwamba umepika vizuri.

Jelatini ni protini, lakini ina pengo, na pengo hilo lilileta ubishi mkubwa huko Paris katika karne ya 19. Jelatini iliyotolewa kwenye mifupa ilikuwa ikigawiwa maskini na wagonjwa wa hospitali kama mbadala wa nyama. Wapo waliolalamika kwamba haishibishi wala haijengi. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikaunda tume iliyoongozwa na mwanafiziolojia François Magendie, na mwaka 1841 tume hiyo ikatoa majibu yake: mnyama akilishwa jelatini peke yake hawezi kuishi. Sababu ilijulikana baadaye. Jelatini haina triptofani, mojawapo ya asidi amino, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini. Mwili hauwezi kujitengenezea triptofani, na watafiti wa Uingereza Frederick Hopkins na mwenzake Cole waliitenga mwaka 1901.

Sasa litazame jambo hili ukiwa mezani kwetu. Mahindi nayo yana upungufu wa triptofani. Kwa hiyo anayekula ugali kwa supu tupu, bila nyama, amekutanisha vyakula viwili vyenye pengo palepale. Wale ndugu wanaomchujia mgonjwa supu na kugawana nyama nyumbani kwa kudhani "nguvu yote imeingia kwenye maji" wanamwachia sehemu dhaifu. Nyama iliyoshika mfupa apelekewe mgonjwa mwenyewe. Au supu iende pamoja na maharage, yai, samaki, dagaa. Dagaa hasa, kwa sababu wanaliwa wazima na mifupa yao, na hapo ndipo kalsiamu ya mfupa inapomfikia mtu.

Naulizwa sana pia na wenye maumivu ya magoti kama kolajeni ya supu inakwenda kukaa kwenye goti. Haiendi moja kwa moja. Tumboni na kwenye utumbo inavunjwavunjwa kama protini nyingine, na mwili unavitumia vile vipande pale unapohitaji. Ili mwili ujenge kolajeni yake unahitaji protini ya kutosha kwa jumla na vitamini C. Pera moja baada ya supu lina kazi hapa. Chungwa pia, ubuyu pia. Na ndimu yako ikamulie kwenye bakuli wakati wa kunywa, maana vitamini C iliyochemshwa kwa saa nyingi haibaki na nguvu yake.

Baada ya hayo yote, bado nasema pika supu. Inatia hamu ya kula kwa mtu ambaye chakula kimemkinai, inarudisha maji na chumvi mwilini, inalainisha chakula cha mzee asiye na meno, na inatumia sehemu za mnyama ambazo zingetupwa. Ila ipikwe vizuri.

Buchani usiombe mifupa mikavu iliyokwanguliwa. Hiyo ina kidogo cha kukupa. Omba kongoro lililokatwakatwa, goti, na ukipata mkia ongeza. Mfupa wa uboho unaleta mafuta na utamu, kipande kimoja au viwili vinatosha. Kwa kuku, miguu na shingo ndiyo mahali pake, na bei yake ni ndogo. Nunua kwenye bucha ambalo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Hili silisemi kwa mazoea tu: mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta, na mbegu za kimeta zinahimili kuchemshwa. Kibudu hakigeuki kuwa salama kwa kukaa jikoni muda mrefu, na hata kumshika na kumchuna ni hatari. Kuhusu kuunguza manyoya ya makongoro, tumia moto wa kuni au gesi. Anayetumia tairi au plastiki anapaka sumu kwenye ngozi ile ile utakayoinywa. Kongoro likinuka mpira au mafuta ya taa, liache hapo hapo.

Nyumbani, likwangue kwa kisu mpaka weusi wote utoke, lioshe, kisha lipe chemsho la kwanza la dakika kumi na umwage maji hayo. Wapo wanaoniambia namwaga lishe. Katika dakika kumi kolajeni haijaanza kutoka kwa maana yoyote. Unachomwaga ni damu, masizi na taka za mapovu. Suuza mifupa na sufuria.

Kisha anza upya na maji ya baridi, yafunike mifupa na kuzidi kwa vidole viwili. Kilo mbili za makongoro huchukua kama lita nne. Ikichemka tu, punguza moto. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Moto mkali unayavuruga mafuta yachanganyike na maji, supu inakuwa na ukungu na uzito wa mafuta, na maji yanakauka kabla kano hazijalegea. Unataka viputo vichache vinavyopanda polepole. Engua mapovu yanayokuja mwanzoni, funika ukiacha upenyo, endelea na shughuli zako. Kuku wa kienyeji anataka saa mbili hadi tatu. Makongoro yanataka saa nne hadi sita, na utajua yameiva pale ngozi na kano vinapoachia mfupa kwa kuguswa na mwiko.

Saa sita za mkaa si mchezo, nalijua hilo. Ukiwa na presha kuka, itumie bila wasiwasi. Ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120 badala ya 100, na makongoro yanaiva kwa saa moja na nusu hivi. Wazo lenyewe ni la kale: mwaka 1679 Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London chungu cha mvuke alichokitengeneza mahususi kulainisha mifupa. Kwa kuku au samaki, presha kuka inakupa faida ambayo sufuria ya kawaida haikupi kirahisi. Mifupa midogo inalainika hadi inatafunika, na anayeitafuna anapata ile kalsiamu iliyokataa kuyeyuka. Nawaambia hivyo wazazi wenye watoto wakubwa wasiokunywa maziwa, ila kila kipande kibonyezwe kwanza kwa vidole kuhakikisha hakina ncha ngumu.

Viungo viingie saa ya mwisho: kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba kidogo, pilipili manga. Vikiingia mwanzoni harufu yake yote inapotelea hewani. Wamaasai huchemsha supu yao pamoja na olkiloriti, mti wa jamii ya mgunga, na aliyekulia katika ladha hiyo sioni sababu ya kumwambia aiache. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu maji yanapungua na chumvi haipungui. Vile vidonge vya kuongeza ladha ya supu sivipendi hapa. Sehemu kubwa yake ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Supu iliyopikwa saa nne haihitaji kusaidiwa ladha. Mwenye presha ya kupanda aitie chumvi kidogo mno, akamulie ndimu zaidi. Mwenye jongo, ule ugonjwa ambao wengi huuita gauti, na mwenye ugonjwa wa figo, wasiifanye kuwa kinywaji cha kila siku kabla ya kuzungumza na daktari wao.

Kwa mama aliyejifungua, supu na mtori ni desturi njema. Wachaga waliona mbali: ndani ya mtori kuna ndizi, kuna nyama, kuna mchuzi wake, mlo kamili kwenye bakuli moja. Ila maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara. Mama apewe supu, apewe chakula, na apewe nafasi ya kukaa na mtoto wake kifuani.

Kwa mtoto mwenyewe nina msimamo mkali. Kabla ya miezi sita hapewi supu, anapewa maziwa ya mama tu. Akianza kula, tumbo lake ni dogo sana kujazwa maji yenye ladha. Nimewaona watoto wanaokunywa supu kila siku na uzito hauongezeki, na mama anashangaa kwa kuwa anajua amempa kilicho bora. Iponde ile nyama laini, ichanganye na viazi au ndizi, tumia supu kidogo kulainisha mpaka chakula kisimame kwenye kijiko bila kumwagika.

Jambo la mwisho ni usiku. Supu ya mchana kuachwa jikoni mpaka asubuhi ni kawaida katika nyumba nyingi, na ni hatari. Kuna bakteria ambao mbegu zao zinavumilia kuchemka, na supu inapopoa taratibu kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 wanaamka na kuzaliana wakiwa kwenye chakula wakipendacho. Wengine huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Kwa hiyo igawe kwenye vyombo vidogo, vikalishe kwenye beseni la maji baridi, na ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friji. Itakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza, miezi mitatu. Mafuta yaliyoganda juu yaondoe kwa kijiko, utayakaangia vitunguu siku nyingine. Unapoitoa, pasha kiasi cha kunywa wakati huo na ukifikishe kwenye chemko. Usiyekuwa na friji, pika sufuria ndogo itakayokwisha siku hiyo hiyo, na iliyobaki mpe jirani ingali ya moto.