"Kubadilisha hedi" maana yake nini, hasa kwa injini ya turbo

Silinda hedi, au hedi kama inavyoitwa gereji, ni kipande kinachokaa juu ya bloki ya injini, siku hizi mara nyingi cha alumini. Ndicho kinachobeba valvu, kamshafti (mhimili unaofungua valvu), plagi au nozeli, pamoja na njia za hewa, moshi, maji na mafuta. Kubadilisha hedi ni kuitoa iliyopo na kufunga nyingine mahala pake. Maana ni hiyo tu.

Tatizo ni matumizi. Gereji za Mwanakwerekwe, Amani au Chake Chake utamsikia mwenye gari akisema "nimebadilisha hedi", na ukimuuliza ile ya zamani iko wapi, anakwambia ni hiyo hiyo imo garini. Kumbe kilichobadilishwa ni gasketi, ile karatasi ya kuziba inayokaa baina ya hedi na bloki. Mwengine hedi yake ilipelekwa kuchongwa uso kwa sababu ilikuwa imepinda, ikarudi ikafungwa, naye pia anasema amebadilisha hedi. Wa tatu kweli amenunua hedi nyingine. Kazi tatu, bei tatu, na matokeo matatu, zote zimepewa jina moja.

Wengi wanaona hilo ni jambo dogo la kusemana barazani. Si dogo. Gari ikianza tena kuchemsha baada ya miezi, fundi wa pili anaambiwa hedi imeshabadilishwa, basi hedi anaiacha. Anahangaika na rejeta, pampu ya maji na thamostati, na ufa umo kwenye hedi ya zamani ambayo haikupimwa hata siku moja. Kwa injini ya turbo kosa hilo ni kubwa zaidi, kwani turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na hewa hiyo huongeza presha na joto humo, na ufa ambao injini ya kawaida ingeuvumilia kwa muda, hii haiuvumilii.

Kazi ya kwanza, kubadilisha gasketi, inafaa pale tu hedi ikiwa imepimwa ikaonekana nzima na imenyooka. Kunyooka hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka kweli kweli na fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe zote mbili zinazokatana. Vitabu vingi vya injini zenye hedi za alumini huweka mpaka kati ya milimita 0.05 na 0.10. Zaidi ya hapo hedi inakwenda kuchongwa, na hiyo ni kazi ya pili. Uso wa bloki nao upimwe vivyo hivyo. Hedi iliyochongwa vizuri ikikalishwa juu ya bloki iliyopinda, gasketi itaungua tena. Na kama gasketi ni ile ya tabaka za chuma, ambayo injini nyingi za turbo hutumia, uso unatakiwa uwe laini kiasi kwamba ukipitisha ukucha haukwami popote. Alama za kisu kikubwa cha mashine, ambazo gasketi ya zamani ya karatasi na grafaiti ingezijaza, hii ya chuma haizijazi, na maji yatapita.

Kuchonga hakutibu ufa. Hedi inaweza kutoka mashineni inang'aa na bado imepasuka. Ndiyo maana kabla ya kuchonga, na kabla ya kununua gasketi, hedi ipimwe kwa hewa. Matundu ya maji yanazibwa kwa vibao vya chuma vyenye mpira, inatiwa hewa ya baa 2 hadi 4, halafu inazamishwa kwenye maji ya moto ya karibu nyuzi 80. Maji baridi hayatoshi: ufa mwembamba wa alumini hujifunga ukiwa baridi, ukapanuka ukipata moto. Tazama katikati ya viti vya valvu, kile kidaraja chembamba baina ya valvu ya hewa na ya moshi. Vipovu vidogo vikitoka hapo mfululizo, kama uzi, hedi hiyo imekwisha. Penye shaka hutumika rangi nyekundu ya kupenya na unga mweupe wa kuivuta juu. Ile njia ya sumaku na unga wa chuma ni ya hedi za chuma cha kusubu. Kwa alumini haifanyi kazi, kwa hiyo fundi akikuhakikishia kuwa hedi yako ya alumini imepimwa kwa sumaku, muombe aipime upya.

Sasa kazi ya tatu, kubadilisha hedi kwa maana yake halisi. Hapa ndipo inapoingia kauli inayoudhi kuliko zote: "hedi ni hedi tu, madhali bolti zinaingia." Hedi inachukuliwa kama mfuniko wa sufuria, ambao ukilingana mdomo umekwisha. Lakini nusu ya chemba ya mwako imo ndani ya hedi yenyewe. Umbo la chemba, pembe ya valvu, chuma cha valvu za moshi, ukubwa wa njia za maji na tundu la mafuta, vyote hivyo vinaamua kama hedi inafaa kwa bloki ile.

Toyota, ambazo ndizo zimejaa Unguja na Pemba, zimekurahisishia kwa kuyaandika hayo kwenye jina la injini, ila watu hulikata jina njiani. Chukua 3S-GTE. 3S ni familia ya bloki, ya sisi (cc, yaani ujazo wa silinda zote) 1998. Herufi ya kwanza baada ya kistari inazungumzia hedi: G ni hedi ya kamshafti mbili yenye valvu zilizopanuliwa pembe kwa ajili ya nguvu, F ni hedi ya kamshafti mbili yenye pembe nyembamba kwa ajili ya kubana mafuta. T ni turbo. E ni mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta. Kwa hiyo 3S-FE ya RAV4 au Noah, 3S-GE, na 3S-GTE ya Caldina GT-T ni hedi tatu mbalimbali juu ya bloki za familia moja. Kwenye 3S-FE kamshafti moja huzungushwa na mkanda, na ya pili huzungushwa na ya kwanza kwa gia. Kwenye G zote mbili zina puli zao kwenye mkanda. Anayeingia dukani akaomba "hedi ya 3S" hajaomba kitu bado.

Mfano wa dizeli una hasara zaidi. 1KZ-TE na 1KD-FTV zote ni sisi 2982, zote turbo, na zote zimewahi kufungwa kwenye Prado na Hilux. Mtu akipiga simu Dar es Salaam kutafuta "hedi ya Prado turbo dizeli elfu tatu", anaweza kuletewa yoyote kati ya hizo. Soma herufi: 1KZ haina F, hedi yake ina kamshafti moja na valvu 8; 1KD ina F, kamshafti mbili na valvu 16, na V yake ni upuliziaji wa moja kwa moja kupitia reli moja ya mafuta. Hazikaribiani. Hedi ikishavuka bahari na boti hadi Pemba, kuirudisha ni gharama juu ya gharama.

Hata T ikiwepo pande zote mbili bado haitoshi. 1JZ-GTE ya kabla ya 1996 ina turbo mbili na kompresheni ya 8.5 kwa 1. Iliyotoka 1996 ina VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka valvu), turbo moja, na kompresheni ya 9.0 kwa 1. Hedi ya VVT-i inataka mafuta yenye presha yafike kwenye puli ya kamshafti. Ukiifunga juu ya bloki isiyo na njia hiyo bila ya kuitengenezea, umefunga kitu kisichoweza kufanya kazi yake.

Kompresheni hapa si ile presha inayosomwa kwenye geji. Ni uwiano: ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini, ugawanye kwa ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu. Unaobaki hutokana na chemba ya hedi, bonde la kichwa cha pistoni, na unene wa gasketi. Silinda ya sisi 500 yenye uwiano wa 8.5 inabakiwa na takriban sisi 66.7 juu. Tia hedi ambayo chemba yake ni ndogo kwa sisi 8 tu, chini ya vijiko viwili vya chai, uwiano unapanda hadi 9.5. Kwa injini isiyo na turbo, 9.5 ni jambo la kawaida. Kwa turbo inayosukuma baa 0.7, silinda inapokea hewa karibu mara 1.7 ya kawaida, na ukiibana zaidi petroli inajiwasha yenyewe kabla ya wakati wake. Injini inagonga, na kupanda mlima mmoja mrefu, gari imejaa, kunatosha kuvunja kingo za pistoni baina ya ringi. Halafu inalaumiwa petroli.

Hedi ya injini ya turbo pia mara nyingi ina valvu za moshi za chuma kinachostahimili joto zaidi, baadhi zikiwa na sodiamu ndani ili kupeleka joto kwenye shina. Ukinunua hedi ya mtumba, fungua uangalie ni valvu gani zimo. Kuna waliopata hedi sahihi iliyotiwa valvu za injini nyengine.

Kwa 1KZ-TE, inayojulikana kwa kupasua hedi baina ya valvu, wengi hununua hedi mpya iliyo tupu. Tupu maana yake haina kamshafti, na mara nyingi haina valvu. Vishikio vya kamshafti vimetobolewa pamoja na hedi yake, hivyo usihamishe vya hedi ya zamani kuja kwenye mpya. Kabla ya kufunga valvu, laza kamshafti, kaza vishikio, uizungushe kwa mkono. Ikikataa, usiilazimishe. Valvu za zamani zikirudi zisagwe upya kwenye viti vyao, kisha tia mafuta ya taa kwenye tundu la hewa na la moshi uone kama yanapenya. Nafasi za valvu hupimwa upya zote, kwani zile za hedi ya zamani hazina maana hapa.

Gasketi ya dizeli hii nayo haichaguliwi kwa jina la gari tu. Zipo za unene tofauti, na unene huonyeshwa kwa alama ukingoni. Pistoni ikifika juu huchomoza kidogo kupita uso wa bloki. Pima mchomozo huo kwa saa ya kupimia, pistoni zote nne, kila moja pointi mbili, uchukue ulio mkubwa, kisha kitabu ndicho kinachokwambia gasketi ipi. Nyembamba mno, pistoni itagusa. Nene mno, gari asubuhi haiwaki.

Bolti za hedi hulegezwa injini ikiwa baridi, kuanzia pembeni kuja katikati, na hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa toki renchi. Nyingi hukazwa kwa namba ya toki halafu kwa nyuzi 90 zaidi, maana zimeundwa zivutike; iliyokwisha kuvutika kupita mpaka wa kitabu haitumiwi tena. Na matundu yake kwenye bloki yakaushwe kabisa. Maji au mafuta yakibaki chini ya tundu lisilo na mwisho wa pili, bolti ikishuka hayana pa kwenda, na bloki inapasuka ukiwa umeshika renchi mkononi.

Kabla ya kuwasha, safisha intakula (kipozea hewa ya turbo) na mabomba ya turbo, kwani mafuta na vipande vya chuma vya injini iliyokufa hukaa humo. Badilisha au zibua bomba la mafuta la turbo, na uizungushe injini kwa stata bila kuiwasha hadi presha ya mafuta ionekane.

Maji nayo. Visima vyetu vingi vya Zanzibar vimo kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni mazito kwa chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Ukiyatia kwenye rejeta, alumini pembezoni mwa matundu ya maji inaliwa, na hedi mpya itafuata njia ya ile ya kwanza. Tia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji yaliyosafishwa.

Basi kama ni gasketi, tuseme gasketi. Kama imechongwa, tuseme imechongwa, na milimita ngapi. Na kama kweli umebadilisha hedi, andika kwenye risiti jina zima la injini hadi herufi ya mwisho, mpya au mtumba, na valvu zilizomo ni za wapi. Na ile ya zamani iombe, uondoke nayo.