Uyoga wa Maruweruwe Unaoota Malishoni

Uyoga uitwao Psilocybe semilanceata hutajwa zaidi kwa unavyomchezea mtu akili kuliko kwa maisha yake wenyewe. Nasikitika, kwa sababu maisha hayo yana mengi ya kutufundisha. Ni uyoga wa nyasi. Makazi yake makuu ni malisho ya Ulaya, kwenye udongo wenye unyevu na asidi kidogo, na huchomoza kuanzia Septemba, mvua zinaposhika, mpaka baridi kali igandishe ardhi. Huonekana pia kaskazini magharibi mwa Marekani na huko New Zealand.

Wengi hudhani unaota juu ya samadi kwa kuwa hupatikana walipo mifugo. Sivyo. Baadhi ya jamaa zake huota kwenye kinyesi cha ng'ombe, lakini huu hujilisha kwa mizizi ya nyasi inayooza. Nyuzi zake nyembamba mno hutambaa udongoni na kumeng'enya mizizi hiyo. Tunachokiona juu ni sehemu ya uzazi tu, inayodumu siku chache ili kutawanya spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Kondoo wanausaidia kwa kufupisha nyasi na kurutubisha udongo polepole. Malisho yakilimwa kwa plau au kumwagiwa mbolea nyingi ya viwandani, makazi yake huharibika.

Kwa umbo ni mdogo. Kofia yake mara nyingi haizidi sentimita 2.5 kwa upana, imechongoka juu na kuishia kwa kichunusi. Ikilowa huwa ya kahawia na utelezi, na mistari ya bapa za chini, yaani vipande vyembamba vinavyobeba spora, huonekana kupitia ngozi yake. Ikikauka hupauka na kuwa na rangi ya majani makavu. Juu yake kuna utando mwembamba kama plastiki unaoweza kubanduliwa. Spora zake ni za zambarau iliyokolea.

Kemikali inayoleta maruweruwe ni silosaibini. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa silosini, ambayo hujibandika kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva, katika ubongo. Mwanakemia wa Uswisi Albert Hofmann alitenga silosaibini mwaka 1958 kutoka kwa uyoga wa Mexico, na mwaka 1963 yeye na wenzake wakathibitisha kuwa imo pia katika huu wa Ulaya. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya uyoga mmoja na mwingine, hata kwenye shamba moja, na jicho haliwezi kukipima. Kwa nini kuvu atengeneze kitu cha namna hiyo? Maelezo yanayoniingia akilini zaidi ni kwamba huvuruga wadudu wanaomla au kugombea naye chakula, ingawa hiyo bado ni nadharia.

Kisa cha mapema kinachohusishwa na uyoga huu kilitokea London mwaka 1799. Baba mmoja aliokota uyoga mdogo katika bustani ya Green Park, akawapikia watoto wake. Daktari Everard Brande, aliyeitwa kuwatazama, aliandika kwamba mboni za macho zilitanuka na mtoto wa miaka 8 alishikwa na kicheko ambacho hata vitisho vya wazazi havikukizima. Familia ile iliamini inakufa. Hawakuwa wakitafuta ulevi. Walikuwa wakitafuta kitoweo. Leo sheria za nchi nyingi zinaukataza, na Uingereza ilipiga marufuku hata ulio mbichi mwaka 2005.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, si uyoga huu wenyewe bali unaofanana nao. Nyasini huota pia Pholiotina rugosa, mdogo na wa kahawia vilevile, wenye amatoksini inayoharibu ini. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kufa. Baadhi ya jamii za uyoga mwingine, Cortinarius, zina orelanini, inayoua figo, na dalili zake zinaweza kuchelewa hata wiki mbili, wakati mtu ameshasahau alichokula. Kupika hakuondoi sumu hizi. Aliyekula uyoga asioujua apelekwe hospitali hata kama anajisikia vizuri, na mabaki ya uyoga huo yabebwe ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, ili yasioze kabla mtaalamu hajayachunguza.