Hofu ya kutengana na mlezi, kwa watoto na kwa mbwa: maswali kutoka Tanga

Mwanangu wa miezi kumi analia hata nikienda kuoga. Ni ugonjwa?

Hapana, mama. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto anakutambua vizuri, ila hajawa na hakika kwamba ukitoweka machoni pake utarudi. Kilio hicho huwa kikali kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua. Wengi hutulia kufikia miaka 3. Bibi akisema anadeka, mwache aseme.

Wangu yuko darasa la kwanza, Makorora. Kila asubuhi tumbo linamuuma, ikifika saa nne mzima kabisa.

Tazama saa. Hofu hii ina ratiba: inapanda anapokuona unachukua buibui msumarini, inakuwa kali mlangoni, na mkishakubaliana kwamba leo haendi, tumbo linapoa. Jumamosi haliumi. Wala hadanganyi, maana hofu huuma tumbo kweli. Dalili nyingine ni kukataa kulala peke yake, kuota mama amekufa au amepotea, kukufuata mpaka chooni, na kuuliza tena na tena kama basi lako litapata ajali. Mara nyingi huanza baada ya jambo fulani: msiba, kuhama nyumba, dada wa kazi aliyemlea kuondoka, mama kwenda Oman kikazi. Sisi wakubwa husema mtoto hajui kitu. Anajua.

Ikidumu wiki 4 au zaidi na kumkosesha shule au michezo, anzia kituo cha afya. Ikihitajika wataandika rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ila homa haifuati ratiba ya shule. Mwili ukiwa wa moto, apimwe malaria kwanza. Na kuna jambo wazazi wengi huliruka: pengine haogopi kuachana nawe, anaogopa anakokwenda. Fimbo za darasani, mkubwa anayemnyang'anya hela, mtu anayemshika vibaya njiani. Muulize pembeni, kwa upole, bila kumkatiza. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Nikimuaga analia zaidi. Si bora nimtoroke akiwa anacheza?

Kumtoroka kunamfundisha kwamba unaweza kutoweka saa yoyote, basi hathubutu hata kucheza. Muage kwa ufupi, mwambie utarudi wakati gani kwa kipimo anachokielewa ("baada ya adhuhuri"), uende, na urudi kweli. Habari za "nakwenda kukununulia pipi" halafu ukaingia saa moja usiku ndizo zinazoharibu.

Tuna mbwa Raskazone. Tukitoka anabweka na kukwaruza mlango mpaka majirani wanalalamika. Naye ana hofu hiyo?

Huenda. Pwani wengi wetu hatumwingizi mbwa ndani, kwa hiyo dalili huonekana getini: kulia kwa sauti ndefu, kuzunguka bila kutulia, kuguguna mbao, kukojoa ovyo, kuacha chakula. Kwa kawaida huanza ndani ya nusu saa tangu mtoke, pengine hata mkishika funguo tu. Acha simu ikirekodi video mahali asipoifikia, utajua. Anayebwekea wapita njia hata mkiwepo anafanya kazi yake ya ulinzi. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa, shida yake ni mnyororo.

Nimchape nikirudi?

Usimchape. Hataunganisha fimbo na mlango alioukwaruza. Atajifunza kuogopa hata kurudi kwako. Toka dakika chache, rudi kabla hajaanza kuhangaika, kisha ongeza muda kidogo kidogo. Mwachie kitu salama cha kutafuna cha kumshughulisha. Akizidi, muone daktari wa mifugo.

Anatokwa na udenda mwingi. Ni hofu tu?

Udenda wa hofu hukauka mkirudi. Usipokoma, na sauti ikabadilika, akashindwa kumeza, akayumba au kung'ata vitu ovyo, hasa kama hajachanjwa, mdhanie kichaa cha mbwa. Msimguse. Wekeni watoto mbali na mpigieni ofisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na udenda kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.