"Baba" ikisomwa "dada"

Mtoto wa darasa la nne amesimama na kitabu. "Ka... la... kalamu." Wenzake wanacheka, mwalimu ameshaamua kuwa ni mvivu. Nyumbani wanatafuta miwani, maana inasemekana anaona herufi kinyumenyume.

Dhana zote mbili ni kongwe, na zote si kweli. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 asiyeweza kusoma, ingawa hesabu alizimudu. Mwalimu wake alisema angewapita wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Mvivu gani huyo?

Leo hali hiyo huitwa disleksia. Macho hayana kosa. Ubongo ndio hupata tabu kutenganisha sauti za neno na kuziunganisha na herufi. Kusoma "baba" kama "dada" ni kawaida kwa yeyote anayeanza kusoma. Na kwa lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, kama Kiswahili, mtoto mwenye disleksia anaweza kupatia maneno, ila polepole mno, kwa hiyo tatizo hujificha.

Hali haiponi. Ila akifundishwa sauti na herufi mapema, hatua kwa hatua, kwa kurudiarudia, na kuongezewa muda wa mtihani, husonga mbele. Jacques Dubochet wa Uswisi, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2017, aliandika katika wasifu wake kwamba alikuwa mwenye disleksia rasmi wa kwanza jimboni Vaud.